Udongo wa Machakos Ndani ya Chujio la Boti ya Malindi

Kila ahadi ya uchumi wa buluu inayoletwa Pwani ina boti za kisasa ndani yake: injini kubwa, chumba cha baridi cha samaki na, ikiwa ni boti ya watalii, kiyoyozi. Habari ya kuzitunza haisemwi sana. Na kwa Malindi, sehemu ya gharama hiyo inaanzia Machakos, kusikoonekana hata bahari.

Kiyoyozi cha boti hakipozwi kwa feni kama cha nyumbani. Pampu huvuta maji ya bahari kupitia tundu chini ya chombo, yakapita kwenye chujio, kisha kwenye mabomba ambamo hubeba joto la gesi, halafu yakamwagwa nje ubavuni. Fundi mzoefu huanza kwa kuangalia mkondo huo wa ubavuni. Ukidhoofika, mashine iko njiani kujizima. Chujio likiziba, maji hupungua, shinikizo la gesi hupanda na swichi ya usalama hukata. Tope laini linalopenya chujio hutulia ndani ya mabomba na kuzuia joto lisipite. Hapo inabidi kuzungusha asidi dhaifu ndani yake, kazi isiyotaka pupa, maana asidi kali hula mabomba yenyewe. Chumba cha baridi kinachopozwa kwa maji ya bahari kina maradhi hayo hayo.

Msidhani haya ni ya matajiri wa kuvua kwa starehe. Mashine ya nje ya mvuvi wetu nayo hupozwa kwa maji ya bahari, na mchanga hukwangua mpira wa pampu yake hadi injini ikachemka mbali na nchi kavu.

Tope lenyewe huletwa na Mto Sabaki, unaomwagika kati ya Malindi na Mambrui. Juu unaitwa Athi; hukusanya maji ya Nairobi na Kiambu, ukapita Machakos na Makueni, ukawa Galana, ndipo ukatufikia. Wakati wa kusi tope husukumwa kaskazini kuelekea Ghuba ya Ungwana. Kaskazi ikivuma hugeuzwa kusini, kwenye ghuba ya Malindi na matumbawe ya hifadhi iliyotengwa tangu 1968. Kaskazi ndio msimu wa watalii, yaani tope linakuja boti zikiwa kazini.

Haikuwa hivi daima. Wanasayansi walipima tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, wakakuta udongo wa mto ulikuwa mdogo kwa karne mbili, ukapanda ghafla mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za mkoloni. Kufikia miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechunika. Serikali ikalaumu ng'ombe wa Wakamba na kuwachukua kwa nguvu, hadi Muindi Mbingu akaongoza watu wake Nairobi mwaka 1938 kupinga. Baadaye wakulima wenyewe walichimba matuta ya fanya juu, jina la Kiswahili linalotumika leo na wataalamu wa nchi nyingi. Kwa hiyo atakayewaita Wakamba wavivu wa kutunza ardhi hajui asemalo.

Lakini matuta hayazuii kila kitu. Mchanga huchotwa mitoni kujengea Nairobi, kingo zikabomoka. Makueni ilitunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015. Bwawa la Thwake litanasa tope jingi, ila litabadilisha pia maji yanayotufikia, na hilo Pwani tumelijadili kidogo mno.

Katiba ya 2010 inazipa kaunti kazi ya kuhifadhi udongo na maji. Kilifi imo katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani, Machakos imo katika umoja mwingine na Makueni na Kitui, na mto unapita katikati ya jumuiya hizo. Hata hivyo, Sheria ya Maji ya 2016 iliunda kamati za mabonde, ambamo kaunti za bonde moja zina wawakilishi. Mwakilishi wa Kilifi aende na hesabu mkononi: pampu ngapi zimebadilishwa Malindi na Mambrui msimu wa kaskazi, siku ngapi boti zimelala gatini, na mvuvi ametoa shilingi ngapi mfukoni mwake. Hesabu hiyo mabaharia na vikundi vya ufuo wanaweza kuanza kuiandika mvua zijazo.