Mada Yao, Pesa Yetu

Wasee, ule msimu umerudi. Naona mwaliko wa tamasha la filamu baada ya mwingine: watengenezaji huru leteni kazi, dakika kumi, mada iwe mazingira, amani, ama "vijana na matumaini". Na inboksi yangu inajaa, "Umeona hii? Tuma!"

Situmi. Na sina ubaya na mada.

Shida ni mada inayokuja na jibu lake. Ukishaandika "matumaini" kwa mwaliko, umeniambia filamu yangu itaisha vipi kabla sijawasha kamera. Chukua mafuriko ya 2024. Mathare maji yalibeba nyumba za watu, halafu serikali ikaleta buldoza kubomoa zilizobaki kando ya mto. Hiyo ni filamu ya mazingira ama si ya mazingira? Jaribu kuituma bila ule mwisho wa watoto wakipanda miti na piano ikilia polepole. Mimi nishaambiwa na tamasha moja ati kazi yangu "haina ujumbe chanya". Ujumbe chanya ni wa bango la kliniki, buda.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, ni ya msichana mgonjwa ambaye hatapona. Ukiifunga na mada ya "afya ya watoto" inakuwa tangazo la wizara. Yeye akatupa mtoto anayetaka kuwa shujaa wa nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinamtengenezea sinema. Hakuna mtu alihubiriwa hapo.

Halafu pesa, hapa ndio nakasirika kabisa. Unakodisha lenzi, unalisha waigizaji chapo madondo, unapanda matatu na taa kwa mapaja, halafu mara nyingine bado ulipe ada ya kutuma, tena kwa dola! Siku ya tamasha mwenye hema amelipwa, mwenye spika amelipwa, emsii amelipwa. Mwenye filamu anapewa cheti na soda. Bila filamu hiyo hema ni ya nini, harusi?

Ati "mtajulikana". Na nani? Ukumbi umejaa sisi wenyewe tulioleta filamu.

Wenye tamasha, mkitaka kutupangia mada na mwisho wake, leteni bajeti. Hiyo inaitwa kazi na tutaifanya. Kama hamna bajeti, ondoeni ada, lipeni kila filamu mnayoonyesha hata kama ni elfu tano, na mkubali ile inayobishana na mada yenu. Hapo natuma usiku huo huo.