Ukurasa wa mtandaoni ni kibanda cha kupanga

MWEZI Oktoba 2021 uliwapa wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam somo moja mara mbili. Tarehe 4 ya mwezi huo, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita kutokana na hitilafu ya kiufundi ndani ya kampuni inayozimiliki. Katika mwezi huo huo, wamachinga wa jiji hilo waliamriwa kuondoka kandokando ya barabara na kuhamia maeneo waliyopangiwa.

Matukio hayo hayakuwa na uhusiano, lakini yalifanana kwa jambo moja. Katika yote mawili, mfanyabiashara alipoteza wateja kwa sababu alikuwa akiuza mahali pasipo pake.

Faida za mitandao ya kijamii kwa mwenye mtaji mdogo hazina ubishi. Fundi cherehani wa Mbagala anaweza kuonyesha mishono yake kwa mteja wa Mwanza bila kulipa kodi ya pango wala kilemba cha Kariakoo. Muuza keki hupokea oda jikoni kwake, bodaboda hupeleka mzigo, na malipo huingia kwa simu. WhatsApp ilitoa programu ya biashara Januari 2018, na sasa hata orodha ya bidhaa na bei zake hukaa ndani ya simu ya mkononi.

Tatizo ni kwamba wengi wameichukua huduma hiyo kama mali yao. Mwenye ukurasa hujivunia wafuasi elfu kumi, lakini hana namba ya simu ya hata mia moja kati yao. Picha anayoiweka leo haiwafikii wote. Ni mtandao wenyewe unaochagua nani aione, na anayetaka kuwafikia wengi zaidi hutakiwa kulipia tangazo. Akaunti ikifungwa au ikidukuliwa, wafuasi wote huondoka nayo kwa siku moja.

Hata pale ambapo akaunti iko salama, njia ya kuifikia inaweza kukatika. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na huduma ya intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini. Na siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurejea baada ya siku kadhaa.

Uganda ilitangulia kuonja hali hiyo. Julai 2018 ilianza kutoza watumiaji wa mitandao ya kijamii Sh200 za nchi hiyo kwa siku. Kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2021, nafasi yake ilichukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti. Januari mwaka huo Facebook nayo ilifungiwa, siku chache kabla ya uchaguzi. Aliyekuwa na duka huko pekee alijikuta hana duka.

Serikali huzitetea hatua za namna hiyo kwa hoja ya usalama. Hata hivyo, ni vigumu kuihubiri nchi uchumi wa kidijitali, ambao Tanzania ina mkakati wake wa mwaka 2024 hadi 2034, huku milango ya soko lenyewe ikiweza kufungwa bila taarifa. Kampuni kubwa huwa na akiba ya kuvuka siku tano bila mauzo. Mama lishe anayepokea oda kwa WhatsApp hana, na chakula alichokwisha kununua hakisubiri.

Kwa kuwa mambo hayo yako nje ya uwezo wa mfanyabiashara mdogo, kilicho mikononi mwake ni kuugeuza mtandao kuwa barabara ya kumleta mteja, badala ya kuwa ghala la kumhifadhia. Kila anayenunua aombwe namba yake, na namba hizo ziandikwe daftarini au zitunzwe nje ya simu. Kupiga simu, ujumbe mfupi wa kawaida na malipo ya simu kwa namba zinazoanza na nyota havihitaji intaneti. Mwenye namba za wateja mia mbili anaweza kuuza hata siku mitandao imezimwa.

Umiliki wa akaunti nao hupuuzwa. Mara nyingi ukurasa hufunguliwa na kijana wa nyumbani anayejua simu, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mwingine. Siku wakikosana, biashara haina mwenyewe. Ukurasa ufunguliwe kwa laini ya mwenye mali, uwekewe uthibitisho wa hatua mbili, na namba za siri zinazotumwa kwa ujumbe asipewe mtu yeyote.

Jambo la tatu ni uaminifu, na hapa kosa si la kampuni wala la Serikali. Utapeli wa “tuma pesa kwanza” umewafanya wanunuzi wamwogope hata muuzaji mwema. Anayeficha bei na kumtaka kila mteja aingie “inboksi”, au anayetumia picha ya gauni la Dubai kuuza alichoshona mwenyewe, anaongeza hofu hiyo. Bei iliyo wazi, picha ya bidhaa halisi, jina la biashara lililosajiliwa Brela na kulipwa mzigo ukifika kwa wateja wa karibu hujenga jina kuliko tangazo la kulipia.

Uaminifu huo unahusu pia namba za wateja zenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo alilowaeleza. Namba iliyotolewa kwa ajili ya oda ya viatu haipaswi kuuzwa kwa mtu mwingine.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ukurasa wa mtandaoni ni cha nduguye, tena ndugu asiyemjua mpangaji wake kwa jina. Mfanyabiashara mdogo hana sababu ya kuukimbia, kwa maana soko liko huko. Ila kabla ya kuhesabu wafuasi, ajiulize ni wateja wangapi angeweza kuwapata kesho asubuhi iwapo ukurasa huo ungetoweka usiku huu. Idadi hiyo ndiyo ukubwa halisi wa biashara yake.