Daftari la Wiki: Nani Anakula Uniti?

Ilemba iko bondeni, jirani na Ziwa Rukwa, na joto la huko halimwachi mtu alale bila feni. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 kila usiku hula uniti 18 za umeme kwa mwezi. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha wati kwa saa, gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa siku 30. Anayeijua haishuku mita bure.

*

Juu Sumbawanga, ambako baridi ya Juni na Julai ni kali, mlaji ni hita ya maji. Ya wati 1,500, nusu saa tu kila asubuhi, humaliza uniti 22 na nusu kwa mwezi, zaidi ya feni ya usiku kucha. Vinavyotoa joto ndivyo vinavyokula: hita, pasi, jiko la koili.

*

Kwa bei za umeme zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa daraja la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 za mwezi. Kuanzia ya 76 ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Sasa tuseme nyumba ina friji dogo linalokula uniti moja kwa siku, feni ile, televisheni ya wati 60 na taa nne za LED za wati 9, vyote vikiwaka saa 5 kila jioni. Jumla ni kama uniti 62 kwa mwezi. Ongeza pasi ya wati 1,000 nusu saa kila siku, na mpaka wa uniti 75 umevukwa. Sare za shule zikipigwa pasi zote kwa pamoja Jumapili, saa moja tu, familia inabaki ndani ya 75.

*

Maharage ya uwanda wa Ufipa yakichemka saa 2 kwenye koili ya wati 1,500 hula hadi uniti 3. Jiko la presha la umeme hufunga mvuke, hujizima joto likitosha, na huyaivisha kwa chini ya uniti moja. Mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mama anayeogopa mita ya LUKU hatauacha mkaa mpaka aonyeshwe hesabu hii.

*

Wenye maduka ya vifaa Sumbawanga, mtajieni mteja wati pamoja na bei. Nawe mnunuzi, geuza kifaa usome mgongoni kabla hujalipa: bei ya dukani unailipa mara moja, wati utazilipia kila mwezi.