DAWA YA INI ISIWE YA MATAJIRI TU



Uko ugonjwa unaomla mtu miaka mingi naye hana habari. Ni homa ya ini aina ya C. Huingia kwa damu, hasa kwa sindano iliyokwisha tumiwa na mwingine, na mwisho wake ini laweza kukauka au kushikwa na saratani. Chanjo yake haipo. Lakini dawa ipo: vidonge vya kumeza, kwa kawaida majuma 12, na katika wagonjwa 100 zaidi ya 90 hupona kabisa.

Dawa hiyo, sofosbuviri, iliporuhusiwa Marekani mwishoni mwa 2013, kampuni ya Gilead iliiuza dola 84,000 kwa mgonjwa mmoja, yaani dola 1,000 kila kidonge. Twauliza: ni kuli gani, ni mfagiaji gani angeweza kulipa?

Nchi moja ya Afrika iliikataa bei hiyo, nayo ni Misri. Huko ugonjwa ulienea kwa sababu tangu miaka ya 1950 mpaka ya 1980 watu wa mashamba walidungwa dawa ya kichocho kwa sindano zisizochemshwa sawasawa. Mwaka 2014 Serikali yao ilipatana na kampuni, bei ikawa dola 900. Baadaye viwanda vyao wenyewe vikaitengeneza, ikashuka chini ya dola 100. Wala hawakungoja wagonjwa waje: toka Oktoba 2018 mpaka Aprili 2019 walipima watu karibu milioni 50, na waliopatikana nao wakatibiwa bure.

Sisi wafanya kazi twalijua jambo hili. Bei ya dawa ni kama mshahara: anayeomba peke yake hufukuzwa mlangoni, wanaosimama pamoja husikizwa.

Hapa Kenya wanaopatwa zaidi ni wale wanaojidunga madawa ya kulevya, Nairobi na Pwani. Watu huwadharau, lakini ni watoto wetu. Hata ndugu zetu wafagiaji wa hospitali wamo hatarini, sindano ikitupwa ovyo.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kipimo kipatikane katika zahanati za mitaani, si hospitali kubwa tu. Asiye na fedha apewe dawa bila malipo. Na mgonjwa atibiwe, asihukumiwe.

Kila tawi na lizungumze neno hili katika mkutano wake. Kimya chetu hakitamponya mtu.