Tukosoane, Tusichekane

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwaka huu mimi nimejikwaa ulimi, na aliyeumia si mimi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kama mjuavyo, wachache wetu hukutana kila Jumamosi katika chumba cha kompyuta kuchora picha za michezo ya video, au gemu kama tunavyoziita bwenini. Tunatumia Krita na Blender, programu ambazo hazilipiwi hata ndururu. Wako wanaodhani haya ni mambo ya watoto. La hasha! Mwaka wa 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu iitwayo The Adventures of Nyangi, ambayo mhusika wake mkuu ni mwanamke wa Kiafrika. Baadaye alishirikiana na Eyram Tawia wa Ghana, wakaanzisha kampuni ya Leti Arts. Kwa hivyo njia ipo. Shida yetu ni namna tunavyoambiana kuhusu kazi zetu.

Naona makosa mawili. La kwanza ni sifa za bure. Muhula wa kwanza nilimchora mpiga ngoma wa Chuka. Nilichora picha 8 ili zikipita haraka haraka aonekane akipiga ngoma. Kila nilipowaonyesha wenzangu walisema, "Moto sana, bana!" Kichwa kikavimba. Wiki 3 zikapita. Siku moja mwenzetu mzaliwa wa Chuka akapita nyuma yangu, akatazama, akaniuliza, "Mbona ngoma yake iko kwapani?" Jamani! Ngoma ya Wachuka ni ndefu, nayo hukaa katikati ya miguu ya mpigaji, imeinama kuelekea mbele. Ilibidi nianze upya picha zote 8. Sifa zilinifurahisha, lakini swali hilo moja, lingalikuja mapema, lingaliniokoa wiki 3.

Kosa la pili ni langu mwenyewe. Mwanafunzi mmoja wa Gredi ya 10 alileta picha ya soko la Gakoromone, mjini Meru, wakati wa alfajiri: akina mama na mikungu ya ndizi, matatu imewasha taa, na jua likichomoza nyuma ya Mlima Kenya. Nikaangua kicheko. "Kwani kwenu Meru jua huchomoza magharibi?" Chumba kizima kikacheka. Na ni kweli, ukiwa mjini Meru mlima uko upande wa kusini-magharibi. Jua huelekea huko kutua, halitoki huko. Nilisema ukweli mtupu. Yule kijana alifunga daftari lake, na tangu siku hiyo hajarudi.

Kuna mawili ambayo sikuyasema. Sikusema kwamba matatu yake ilikuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kuchora. Wala sikusema kwamba dawa ilikuwa rahisi: alfajiri igeuzwe jioni, akina mama wawe wanafunga biashara, basi picha imesimama. Sentensi mbili tu! Badala yake tulipata kicheko cha dakika moja, tukapoteza mchoraji.

Najua wako watakaosema kwamba msanii akidekezwa hataweza kuistahimili dunia. Hoja hiyo ina uzito. Mtu aliyenunua gemu kwa pesa zake hatakubembeleza. Lakini mnunuzi huja mwisho, chakula kikiwa tayari mezani. Sisi tungali jikoni. Kazi yetu ni kuonja na kusema chumvi imepungua, si kuimwaga sufuria.

Basi napendekeza mambo manne. Kwanza, mwenye picha aulizwe alitaka kuonyesha nini kabla hajaambiwa lolote. Pili, anayekosoa ataje mahali. "Mkono wa kushoto ni mfupi" ni msaada. "Picha mbaya" si msaada, wala "moto sana" si msaada.

Tatu, tuipime picha badala ya kubishana. Ipunguze hadi iwe ndogo kama itakavyokuwa kwenye simu. Kisha mpake mhusika wako rangi nyeusi tititi uone kama bado anatambulika kwa umbo lake. Shigeru Miyamoto wa Japani alipomchora Mario kwa ajili ya gemu ya Donkey Kong ya mwaka wa 1981, nukta za kuchorea zilikuwa chache mno. Akamvisha kofia ili aepuke taabu ya nywele, akampa masharubu ili pua ionekane. Kumbe masharubu yale tunayoyacheka yalikuwa jibu la swali gumu!

Nne, tuonyeshane kazi mapema, ingali mistari mitupu ya penseli. Mficha uchi hazai. Ningalionyesha mpiga ngoma wangu siku ya kwanza kwa mtu anayezijua ngoma hizo, nisingalilia siku ya ishirini na moja.

Kuhusu yule ndugu yetu, nilimwendea bwenini nikamwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka. Alisema, "Ni sawa tu." Jumamosi iliyofuata hakuja. Simlaumu, kwani radhi huombwa kwa siku moja, lakini aibu haitoki kwa siku moja. Gemu yetu ina mpiga ngoma, ina barabara, ina mto, lakini haina soko. Akiyasoma haya, ajue kwamba kiti chake kilicho karibu na dirisha hakijakaliwa na mtu. Na siku atakayoniletea picha nyingine, nitaanza kwa kuuliza.