Mcheka mshale mmoja ahesabu msimu mzima

LUBERIZI, Kivu ya Kusini – Mwisho wa Julai 2024 video fupi ilizunguka kwenye simu za dunia nzima. Mpiga upinde wa Chad, Israel Madaye, amesimama Paris katika Michezo ya Olimpiki. Anavuta kamba, anaachilia, na mshale unaangukia pembeni kabisa ya shabaha. Alama moja. Watu walicheka, na Waafrika hawakubaki nyuma katika kucheka. Mpaka leo kuna wanaosema: Waafrika wanaenda kule kutia aibu tu, afadhali wabaki nyumbani.

Maneno hayo si ya kweli. Tena katika bonde hili la Ruzizi, ambako vijana wamekwisha kukatishwa tamaa na mambo mengi, ni maneno ya hatari.

Shabaha ya Olimpiki inasimamishwa umbali wa meta 70. Duara ya alama kumi ina upana wa sentimita 12.2, karibu sawa na kisahani cha chai. Kabla ya kukubaliwa pale, kila mpiga upinde lazima kwanza afikishe kiwango cha alama kilichowekwa. Na siku ile Madaye alipangwa na Kim Woo-jin wa Korea ya Kusini, mtu aliyeondoka Paris na medali tatu za dhahabu. Katika seti ya kwanza Kim alipata 29 kwa mishale mitatu. Madaye alipata 26. Asiyejua kulenga hapati 26 kutoka meta 70. Ule mshale wa alama moja ulikuja katika seti ya pili. Lakini nani alituma video ya seti ya kwanza?

Hapo ndipo kosa lilipo. Mshale mmoja unachukua sekunde chache, lakini msimu wa mpiga upinde unachukua mwaka mzima, una kupanda na kushuka, na mtu anapimwa kwa vyote viwili.

Mfano wa karibu ni Shehzana Anwar wa Kenya, inchi inayojulikana kwa mbio, si kwa pinde. Mwaka wa 2016 alishinda dhahabu ya wanawake katika ubingwa wa Afrika huko Namibia, na kwa ushindi huo akapata nafasi ya kwenda Rio. Tarehe 5 Agosti, katika ufunguzi wa Olimpiki, yeye ndiye aliyebeba bendera ya Kenya mbele ya wakimbiaji ambao dunia nzima inawaogopa. Kisha shindano likaanza, naye akatolewa katika raundi ya kwanza. Bingwa wa Afrika, mbeba bendera, kisha nje mapema: yote ndani ya mwaka mmoja. Anayetaka kumwita mshindwe aseme kwanza ni mwezi gani anaohesabu.

Na kucheka huku si kupya. Agosti 1904, huko St. Louis, Marekani, sambamba na Olimpiki ya mwaka ule, waandaaji waliwakusanya watu wa mataifa mbalimbali waliokuwa wameletwa kwenye maonyesho kama vitu vya kutazamwa. Kati yao walikuwamo watu waliotolewa Kongo. Waliwekwa kwenye mashindano ya kukimbia, kutupa na kupiga upinde, bila mwalimu wala muda wa mazoezi. Waliposhindwa, waandaaji walisema: mnaona, hawa ni watu wa chini. Ota Benga, Mkongomani, alikuwa kwenye maonyesho hayo. Miaka miwili baadaye aliwekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York.

Njia yao ilikuwa rahisi: mnyime mtu mazoezi, mpeleke uwanjani, kisha mcheke. Miaka 120 imepita kati ya St. Louis na Paris. Mwafrika anayecheka bila kuuliza mwenzake alifanyia wapi mazoezi, kwa vifaa gani na kwa msaada wa nani, anaendeleza kazi ya wale waandaaji bila kulipwa hata franka moja.

Sasa turudi Luberizi. Hakuna anayeomba pinde zigawiwe kwa watoto. Penye silaha nyingi hivi, upinde mkononi mwa kijana unaweza kumponza. Kinachoombwa ni msimu. Yaani mashindano yenye tarehe, ambamo mtoto anaweza kushindwa Jumamosi hii akarudi Jumamosi ijayo. Mpira, mbio, mpira wa mikono, chochote kile. Kijana wa barabara ya Bukavu–Uvira amezoea mashindano ya siku moja: mgeni mkubwa anakuja, jezi zinagawiwa, picha zinapigwa, gari linaondoka. Aliyeshindwa siku hiyo ameshindwa moja kwa moja, kwa sababu hakuna siku ya pili. Hiyo si michezo.

Kuna watakaojibu kwamba mhami anahitaji unga, dawa na hema, si mchezo. Ni kweli, unga kwanza. Lakini mtoto aliyekimbia mara mbili au tatu amekatishwa masomo, amekatishwa urafiki, kila alichoanza hakikufika mwisho. Naye anahitaji jambo moja linaloanza na kumalizika. Uwanja mtupu na mpira wa vitambaa havimnyang'anyi mama yake kikombe cha unga. Na wale wenye bunduki wanajua vizuri kijana asiye na la kufanya Jumamosi anapatikana wapi.

Kwa hiyo viongozi wa kijiji, wakuu wa shule na wa makanisa wana kazi ambayo haingojei pesa kutoka Kinshasa. Uwanja wa mchezo usikatwe viwanja vya kuuza. Familia za wahami zikilazwa humo kwa dharura, zitafutiwe mahali pazuri zaidi, zisifukuzwe. Watoto wa wahami wachanganywe timu moja na wenyeji, isiwe wahami dhidi ya wenyeji. Ratiba ibandikwe ukutani mahali ambapo kila mtu anapita. Na kuwe na daftari, daftari la kawaida la shule, la kuandika matokeo ya kila juma: aliyeshinda, aliyeshindwa, aliyerudi.

Daftari hilo halina uzito. Siku ya kukimbia linaingia kwenye furushi pamoja na kadi ya uchaguzi na karatasi za shule. Huko familia itakakofikia, mtoto akiulizwa yeye ni nani katika mchezo, afungue aonyeshe msimu wake wote, na siku zake za alama moja zikiwemo humo. Na mwenye kutaka kucheka, asome kwanza daftari lote.