Waliomkinga Cam Newton

Mchezo wenyewe, nakiri, siupendi: mpira umechongoka ncha mbili, na watu hupigana vikumbo kama mafahali. Lakini habari ya Chuo cha Blinn, huko Brenham, Texas, imenikaa moyoni.

Ni chuo cha miaka miwili. Wachezaji wengi huenda vyuo vya namna hiyo kwa kuwa vyuo vikubwa havikuwataka, au alama za darasani hazikutosha. Mwaka 2009 alifika Cam Newton, akitoka Chuo Kikuu cha Florida, alikokamatwa mwaka 2008 kwa tuhuma ya kompyuta ya wizi. Mashtaka yakafutwa baadaye. Msimu huohuo Blinn wakatwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vya aina yao. Mwaka 2010 yeye yuko Auburn, akavikwa sifa na kupewa tuzo ya Heisman.

Basi kila asimuliaye humtaja yeye tu. Wallahi si haki! Mrusha mpira harushi kitu pasipo wenziwe kusimama mbele yake wakipokea vikumbo. Kombe ni lao pia, nao miaka yao ilikuwa ileile miwili. Ningependa gazeti moja liwatafute hao, liwaulize wako wapi.